Mkono Usiojua Moto

Naanza kwa jina la Mola aliyenipa mikono miwili, akauchukua mmoja, kisha akanirudishia. Naitwa Rukia. Nimezaliwa Mji wa Kale, Mombasa, nimeolewa Mji wa Kale, na nikijaaliwa nitazikwa huku huku. Haya ninayoyaeleza yalinipata miaka ya tisini. Nayaeleza kwa sababu kila nikienda hospitali sikosi kumwona mtu aliyeufunika mkono wake kwa leso, kana kwamba anauonea haya. Mimi pia niliufunika wangu.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa manda. Asiyejua, manda ni zile karatasi za unga zinazofungiwa sambusa. Unasukuma madonge, unayapaka mafuta, unayapanga moja juu ya jingine, unasukuma tena mpaka yawe mapana na mepesi, unayaweka kwenye chuma cha moto. Kisha, kabla hayajapoa, unayabandua moja moja kwa ncha za vidole. Yakipoa yamegandana. Ukiyavuta kwa pupa yanachanika. Hakuna mizani ya kukwambia sasa ndiyo wakati wake. Vidole ndivyo vinavyojua. Kuanzia Ndia Kuu mpaka Kibokoni, Ramadhani ikikaribia, watu walikuwa wakiagiza manda za Rukia. Sijisifu. Wenye wivu wako hai, waulizeni.

Nyumbani tulikuwa watatu. Mume wangu Athmani alikuwa karani bandarini Kilindini, mtu wa maneno machache. Chumba cha chini alikaa shangazi yangu, Bi Mwanahamisi, dada wa baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Shangazi alikuwa mkandaji. Mwanamke akijifungua mtaani kwetu, yeye ndiye aliyeitwa kumkanda kwa maji ya moto mpaka arubaini yake imalizike. Mikono yake ilikuwa imezoea moto hata alikuwa akiinua sufuria jikoni bila kitambaa, na sisi tulikuwa tukicheka na kumsifu.

Ajali yenyewe ilikuwa ndogo ya kuchekesha. Ulikuwa mwezi wa Rajabu, stima imepotea jioni kama kawaida yake, nikachukua taa ya chemni niisafishe kabla giza halijaingia. Nilitia mkono wa kulia na kitambaa ndani ya kile kioo, nikazungusha kama nilivyozungusha maisha yangu yote. Kioo kilikuwa na ufa ambao sikuuona. Kikavunjika mkononi, na kipande kikanikata kwa ndani, pale penye kifundo cha mkono, chini kidogo ya kiganja.

Sikusikia maumivu, nilisikia vuguvugu tu. Damu iliruka ikapiga ukuta. Nilipotazama, ngozi ilikuwa imefunguka na ndani mna vitu vyeupe, kama zile nyuzi za katikati ya muhogo. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shangazi, nimejikata." Shangazi alikuja, akatazama mara moja tu, akavua leso yake akanifunga kwa nguvu, akauinua mkono wangu juu ya kichwa. Jirani mwenye pikapu akatupeleka hospitali.

Daktari wa upasuaji aliniambia nikutanishe dole gumba na kidole cha mwisho. Dole gumba halikusogea. Akachukua pini akanidunga ncha za vidole, akiuliza kila mara, "Unasikia, mama?" Kidole cha mwisho kilisikia. Dole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa kimya. Nilikuwa naiona pini ikiingia na damu ikitoka, lakini ni kama damu ya mtu mwingine.

Akanieleza pole pole, naye Athmani amesimama kando yangu. Kano za vidole zimekatika na zitashonwa. Na mshipa wa fahamu, ule unaopeleka habari kutoka vidoleni mpaka kichwani, nao umekatika. "Huo pia nitaushona," alisema, "lakini kuushona si kuuponya. Ukishonwa, unaanza kuota upya kutoka pale palipokatika mpaka vidoleni, na unaota polepole kama ukucha."

"Na usipofika?" nikauliza.

"Usipofika, mkono utakuwepo lakini hautakuwa na kazi nyingi."

Nilichomwa sindano ya nusu kaputi, nikaamka nikiwa na plasta kutoka vidoleni mpaka karibu na kiwiko, kinywa kikavu, nikitapika nyongo. Kitu cha kwanza nilichouliza, Mungu anisamehe, hakikuwa habari za Shangazi wala za mume wangu. Niliuliza Ramadhani imebaki siku ngapi.

Siku plasta ilipokatwa nililia mbele za watu. Mkono uliotoka humo haukuwa wangu. Ulikuwa mwembamba, mkavu, unatoa magamba. Upande wa vidole vilivyokufa haukutoa jasho hata kwenye joto la Mombasa. Kile kinofu cha chini ya dole gumba, kinachojaa ukikunja ngumi, kilikuwa kimenywea kama embe lililokaushwa juani. Na vidole vile vitatu, ukivigusa, ni kama kugusa mpini wa jembe.

Kwa mtu wa kwetu mkono wa kulia si kiungo tu. Ndio wa kulia chakula, ndio wa kupokelea, ndio wa kumwamkia mkubwa. Nilianza kula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto, peke yangu. Tulipoalikwa harusini nikasema naumwa na kichwa. Sikutaka kukaa kwenye sinia na wanawake wenzangu, wao wanamega wali na mimi natia mkono wa kushoto, au mtu anisukumie nyama kwa huruma. Athmani alipoona hivyo, akaacha kula na wageni barazani. Akawa analeta sahani yake na kijiko chake, anakaa nami jikoni. Nilimpenda sana siku zile, na sikumwambia.

Daktari akanituma kliniki moja Tudor, kwenye chumba cha mazoezi. Hapo nikampata Dada Kadzo, mama wa Kigiriama, mnene, mwenye sauti ya chini na msalaba mdogo shingoni. Alikuwa na mashine yenye vifundo vya kuzungusha na sindano ya kuonyesha nguvu, na nyaya mbili zenye sponji mwishoni. Watu waliokuwa wakingoja nje waliiita mashine ya shoti. Mtu aliyewahi kupigwa na stima nyumbani ukimwambia atatiwa stima kwa makusudi, miguu yake itatafuta mlango. Mimi yangu iliutafuta.

"Kaa, Bi Rukia," alisema. "Sitakuua. Nikikuua nitafunga sambusa kwa manda za nani?"

Akalowesha sponji kwa maji, akaifunga moja mkononi, nyingine akaiweka juu ya kile kinofu kilichonywea. Akazungusha kifundo. Sikusikia kitu. Akaongeza kidogo. Mara dole gumba langu likaruka. Lenyewe! Mimi sikuliamrisha. Likaruka tena, na tena, kila mashine ilipolia. Nikapiga mayowe, nikaanza kucheka.

"Sikiza vizuri," Dada Kadzo akaniambia, kwa sababu aliona ninavyofurahi. "Hii si dawa ya mshipa. Mshipa utaota wenyewe, Mungu akipenda. Hii kazi yake ni kumshikilia huyu msuli asife akingoja. Mshipa ukifika na kukuta msuli umeshakufa, utakuwa umefika msibani."

Nikalielewa jambo hilo kuliko nilivyomwelewa daktari. Yalikuwa mashindano. Mshipa unatambaa na msuli unanyauka, na atakayetangulia ndiye atakayeamua kama Rukia atabandua manda tena. Nikawa naenda Tudor kila nilipoambiwa niende, hata siku za mvua.

Shangazi hakuipenda mashine hiyo. Maisha yake yote alikuwa akitia watu joto, na stima kwake ilikuwa kitu cha baridi kinachoingia mfupani. Kila nikirudi alikuwa akiushika mkono wangu na kuguna. Kweli ulikuwa baridi. Vidole visivyo na fahamu huwa baridi. Akawa anasema Tudor wananitia baridi na ndiyo sababu mkono hauamki. Mimi nilikuwa nimechoka kungoja. Ramadhani ilikuwa mlangoni, watu wanapita kuuliza manda, nami nawaambia nendeni kwa fulani. Kwa hiyo Shangazi aliponiambia atanikanda, sikukataa. Nilikubali kwa moyo wote. Mikono ile iliwainua wazazi, wale wanawake waliotoka kujifungua, mtaa mzima, itashindwaje na vidole vitatu?

Alipasha maji yenye chumvi kwenye seredani, jiko letu la makaa, akachovya taulo, akaikamua kwa mikono yake mitupu, akaniwekea kiganjani, upande wa vidole vilivyokufa. Vidole viwili vilivyo hai akavikunja nje, kwa kuwa alisema hivyo havina ugonjwa. Akakandamiza.

"Waungua, mwanangu?"

"Hapana, Shangazi."

"Maji haya si moto sana. Hebu nichovye tena." Akachovya, akaweka. "Na sasa waungua?"

"Hapana."

"Basi wastahamili. Ni baridi hiyo yatoka. Yeo utalala usingizi."

Na kweli nililala usingizi, na nililala nikiwa na furaha. Asubuhi nilipofungua leso aliyonifungia nilikuta kiganja na vidole vyangu vimejaa malengelenge, mengine makubwa kama zabibu kavu zilizovimba ndani ya wali, na moja limepasuka na ngozi imebaki kwenye kitambaa. Hakikuuma kitu. Nilikaa kitandani nikitazama nyama yangu iliyoiva, haiumi, na hapo ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza tangu kioo kivunjike.

Dada Kadzo alipouona mkono huo aliugeuza upande huu na huu. Kisha akatia kifuniko kwenye mashine.

"Siwezi kuweka stima juu ya jeraha," alisema. "Mpaka ngozi ipone."

"Na msuli?"

"Msuli utangoja kama utaweza."

Daktari alikuwa mkali zaidi. Aliniuliza kama nyumbani kwetu hakuna mtu mwenye macho. Akaniambia mkono usio na fahamu ni kama mtoto mchanga, huwezi kuuachia ujisemee. Akasafisha, akafunga, akanipa dawa za kuzuia usaha. Usaha ulikuja hata hivyo, na homa pia, na harufu niliyokuwa nikiinusa nikiwa naswali.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu zote nikazimwagia mahali pamoja. Nilimwambia Shangazi kwamba ameniunguza kwa ujinga wake, na kwamba kama angeniacha na wenye elimu ningekuwa nimepona. Nilimwambia asiniguse. Yeye alisimama mlangoni, mikono imening'inia. Alirudi chumbani kwake chini. Siku hiyo mzazi mmoja alituma mtu kumwita, naye akajibu haendi. Siku ya pili pia hakwenda.

Ramadhani ile ilipita bila manda nyumbani kwangu. Tulinunua sambusa dukani. Zilikuwa nene kama viatu.

Nililala na mambo mengi kifuani, na hasira ilipopungua nikaanza kuyatazama moja moja. Shangazi aliniuliza kama naungua. Aliniuliza mara mbili. Mtu mjinga haulizi. Alifanya kama alivyofanya kwa wazazi wote: humwuliza mwenye mwili, na mwenye mwili humjibu. Desturi yetu yote ya kukanda imesimama juu ya jibu hilo, na jibu langu halikuwa na mkono ndani yake. Wala mikono yake mwenyewe haikuweza kumwonya, maana ilikuwa imeivishwa na miaka ya taulo za moto. Tulikuwa watu wawili tusiosikia moto, tunaulizana kama ni moto.

Nilishuka chini nikampigia magoti. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba," alisema, uso umegeukia ukuta.

"Nakuhitaji. Kesho nafunguliwa bendeji, na sitaki kwenda na mtu mwingine."

Akasema, "N'takuja kufanya nini? N'kuunguze tena?"

"Utakuja kuona hiyo stima unayoitukana."

Akacheka bila kutaka. Kesho yake alivaa buibui lake zuri, tukaenda Tudor.

Jeraha lilikuwa limefunga. Dada Kadzo alitoa kifuniko, akalowesha sponji, akazungusha kifundo. Hakikuruka kitu. Akaongeza. Mimi nilikuwa nimefunga macho nikisoma dua nilizozikumbuka. Akaongeza tena, na Shangazi ndiye aliyeona kwanza.

"Subhanallah," alisema, ameinama mpaka pua inakaribia mkono wangu. "Kimetikisika. Mato yangu yameona. Hunu mkono u hai!"

Kilikuwa kimetikisika kidogo tu, kama jicho la mtu anayeota. Lakini kilikuwa hai. Dada Kadzo akakaa chini, akajifuta jasho, akasema, "Tumeponea chupuchupu." Kisha akamgeukia Shangazi, akamwita mama, akamwambia kwa heshima kwamba anahitaji mikono yake. Kovu langu limeshikana na kano, linataka kusuguliwa kwa mafuta ya nazi, kwa nguvu na kwa subira, kila siku. Kazi hiyo yeye Kadzo hana nafasi ya kuifanya, na mume hataiweza. "Ila maji ya moto, mama, hapana. Na hata ya vuguvugu, mpime kwa kiwiko cha huyu Rukia, upande ulio mzima, kama mnavyopima ya kumwogeshea mtoto."

Tangu siku hiyo nilikuwa na waganga wawili. Tudor nilipigwa shoti, nyumbani nilisuguliwa kovu mpaka machozi yakanitoka, maana kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kuuma. Dada Kadzo alikuwa akinigonga gonga kwa ncha ya kidole juu ya kovu, na mimi nasikia umeme mdogo ukikimbilia mbele. Kila mwezi ule umeme ulianzia mbele zaidi: kwanza kifundoni, kisha katikati ya kiganja, kisha mizizi ya vidole. Hivyo ndivyo tulivyojua mshipa umefika wapi. Usiku vidole vilijaa sisimizi wasioonekana. Niliwachukia, na Dada Kadzo akaniambia niwakaribishe, hao ndio wajumbe.

Fahamu iliporudi ilirudi na wazimu wake. Nikiguswa dole gumba, nilisema ni cha kati. Nyuzi zilikuwa zimeota zikaingia nyumba zisizo zao. Ikabidi nifundishwe upya. Shangazi alikuwa akinifunga macho kwa mtandio, akinitia mkono kwenye bakuli la mchele uliochanganywa na choroko, nami nichague choroko. Nilikosa mpaka nikarusha bakuli. Akaziokota moja moja sakafuni, akaniwekea tena mbele yangu, akasema, "Haya, na hasira zishapita?"

Msuli nao ulijaa taratibu. Siku moja nilikunja dole gumba likagusa kidole cha mwisho bila mashine yoyote, nikiwa jikoni, nikiwa na vitunguu. Nilimwita Athmani. Alitazama, akalitazama tena, akatoka nje ya nyumba. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na mkononi ana nyama ya sambusa, ameinunua nyingi kuliko tunavyoweza kula.

Shaaban ya mwaka uliofuata ilipoingia nikajaribu. Shangazi alisukuma madonge, mimi nikakaa mbele ya chuma. Manda za kwanza zilitoka zimechanika chanika, huwezi kumpa hata mtu usiyempenda. Nikajaribu tena. Nikatia ncha ya kidole cha kati chini ya karatasi ya juu, nikaivuta, na mara nikaitupa na kupiga kelele.

Shangazi aliyaacha madonge. Akanikamata mkono. "N'ni? N'ni, mwanangu?"

"Naungua!" nilisema. "Shangazi, naungua! Yauma!"

Alikiangalia kidole kile kilivyokuwa chekundu, akakibusu, akaketi sakafuni kwenye unga, akalia kama mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika kidole kinachouma, nacheka na kulia pamoja, na manda inaungua kwenye chuma, hakuna wa kuigeuza.

Leo nafanya manda, si nyingi kama zamani. Ncha ya kidole cha shahada haijaamka yote na huenda isiamke, nimeridhika nayo. Nakula kwa mkono wangu wa kulia kwenye sinia na wenzangu. Namshukuru Mola kwanza. Namshukuru daktari aliyenishona, na Dada Kadzo aliyenishikia msuli wangu, na Athmani kwa kile kijiko, na Shangazi, ambaye baadaye alirudi kukanda wazazi, na ambaye sasa humpa mtu mwingine apime maji.

Na wewe uliyekaa nje ya chumba cha mazoezi na mkono wako chini ya leso, nina neno moja kwako. Stima haikuzi mshipa kwa siku moja, na mafuta pia hayakuzi. Nenda tu, hata siku unayoona hakuna lililobadilika. Watu wako watataka kukusaidia, na watakuuliza kama waungua, kama waumia, kama wabanwa. Watakuuliza kwa mapenzi, nawe utataka kuwaridhisha. Usiwajibu "hapana" kwa niaba ya mkono uliolala. Waambie kweli: sijui, nitazamieni.